Jina Mwishoni mwa Njia

Njia ya kale ya misafara, itokayo Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika hadi Bagamoyo, ina urefu wa kilomita 1,200 hivi. Katika karne ya 19 wapagazi wengi walioipita walikuwa Wanyamwezi, wakichukua pembe za ndovu kwa ujira. Lakini vumbi lile lile lilikanyagwa na mateka wenye minyororo shingoni.

Masimulizi husema kuwa Bagamoyo maana yake ni bwaga moyo. Kwa mpagazi, moyo ulitua pamoja na mzigo. Kwa mateka, moyo uliachwa pwani, kwani hakuwa na tamaa ya kurudi kwao. Mpita njia wa leo huuliza ipi ndiyo kweli.

Mwaka 1874 Susi, Chuma na wenzao waliufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo. Moyo wake walikwisha kuuzika Chitambo, katika Zambia ya leo. Majina ya wachache wao yamo vitabuni. Maelfu waliowatangulia, wa mizigo na wa minyororo, hawakuandikwa. Wamebakiwa na jina la mji tu. Achaguaye maana moja na kuitupa ya pili huwafuta baadhi yao tena.