Siku Nne Lisbon, na Swali la Muuza Kahawa



Wengi mmeniandikia mkiuliza safari ya Ureno ilikuwaje. Namshukuru Mungu nimerudi salama. Nilialikwa kuhudumu katika ushirika mmoja wa Waafrika mjini Lisbon, Ijumaa hadi Jumatatu. Mji ni vilima vitupu, magoti yalinilia. Sadini za kuchoma ni tamu, ila siku ya tatu nilikuwa naota wali wa nazi.

Lakini jambo la Jumamosi ndilo nataka kuwaambia, na ni toba kuliko habari za safari.

Mnakumbuka miaka miwili iliyopita, kwenye mkutano wa injili, nilipaza sauti nikasema kwamba mji huu una ngome yenye jina la Yesu tangu 1593, kwa hiyo Mombasa ilishawekwa wakfu zamani. Mlipiga vigelegele. Klipu ikazunguka kwenye simu hadi ikamfikia mzee mmoja anayeuza kahawa Mji wa Kale, ambaye hunijua tangu nikiwa kijana. Nilipopita kwake akaniuliza kwa upole, "Pasta, sisi twamjua Nabii Isa. Hebu nambia, huyu wa mizinga ni yupi?"

Nilicheka, nikalipa, nikaondoka. Tangu siku hiyo nikawa napita njia nyingine.

Sasa Jumamosi wenyeji wangu wakanipeleka mtaa wa Belém. Kwa Kireno, Belém ndiyo Bethlehemu. Kuna kanisa la mawe la ajabu, ujenzi wake ulianza 1501, na sehemu ya fedha ilitoka kwenye kodi ya viungo vya Mashariki. Karibu na mlango amelala Vasco da Gama, amechongwa kwa mawe, viganja vimekutana kama mtu aliye kwenye maombi. Huyu ndiye aliyetia nanga Mombasa Aprili 1498. Miaka saba baadaye Francisco de Almeida akaja na meli zake, mji wetu ukaporwa na kuchomwa moto.

Watalii walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikaa kwenye benchi.

Nilimfikiria Yusuf bin Hasan. Baba yake, sultani wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa, akapewa jina Dom Jerónimo, akarudishwa atawale hapa. Mwaka 1631 akamuua kapteni wa Kireno ndani ya Fort Jesus, akaurudia Uislamu, na Wakristo wengi wakafa. Sitetei damu ile. Lakini nilijiuliza: huyu kijana alionyeshwa Yesu gani?

Halafu ikanijia amri ya tatu, ile ya kutolitaja bure jina la Bwana. Miaka yote nimewahubiria nayo watu wanaoapa sokoni. Sikuwahi kuihubiria ngome, wala kujihubiria mwenyewe na kipaza sauti changu.

Jumatano iliyopita nilirudi Mji wa Kale. Mzee alikuwa palepale na dele lake.

"Pasta! Nilidhani umehama."

Nikamwambia, "Mzee wangu, uliniuliza swali nikakimbia. Nisamehe. Huyo wa mizinga mimi simjui. Wangu alizaliwa zizini, na alipokuja kukamatwa, alimwambia Petro arudishe upanga."

Alininyamazia kitambo. Kisha akapangusa kikombe, akamimina.

"Miaka miwili, Pasta," akasema. "Keti. Kahawa yapoa."

Hatukumaliza mazungumzo. Amenialika tena Alhamisi, na safari hii nitakwenda kusikiliza zaidi.

Ile klipu nimewaambia vijana wa midia waiondoe kwenye ukurasa wetu. Kama unayo kwenye simu yako, mpendwa, nakuomba uifute. Jumapili tuonane saa tatu asubuhi.