Saa Kamili Ilivyofika Mollo

Mwezi wa Juni, saa moja kamili asubuhi, jua la Mollo bado halijachomoza. Mwanga upo, wa kijivu, upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, na watoto wanakimbia kuwahi namba shuleni, mikono wameificha ndani ya masweta. Mtu wa pwani akisema saa moja, kwake jua limeshatoka na umande umeanza kukauka. Sisi wa Ufipa, kwenye nyanda zilizo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, saa moja ya kipupwe hutukuta hatujaona jua. Nilikulia ndani ya jambo hilo bila kuliuliza. Saa ni saa, na ilitoka Dar es Salaam.

Ilitoka huko kweli. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ndiye aliyetunza kengele, yaani rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mkaratusi na kugongwa kwa kipande cha nondo. Saa yake ya mkono ilikuwa ya kutia ufunguo. Usiku ngoma za Redio Tanzania zikilia kutangulia taarifa ya habari, Baba alikuwa tayari ameshika kile kifunguo kwa kucha mbili, na mtangazaji alipotamka saa mbili kamili alikirudisha ndani. Kesho yake rimu iligongwa kwa saa hiyo, na walioifuata si wanafunzi peke yao. Akina mama waliokuwa wakipalilia mahindi walijua muda wa kurudi kupika, na wenye mikokoteni ya ng'ombe walijua kama watawahi mnada. Betri za National zikiisha nguvu tulizianika juani juu ya bati, zikarudisha uhai wa siku mbili tatu. Zikifa kabisa, saa ya Baba ilianza kwenda ilivyotaka, na kijiji kizima kikaenda nayo mpaka mtu alete betri nyingine kutoka mjini.

Nilipofika sekondari Baba alinionyesha ishara iliyo sahihi zaidi. Kwenye masafa mafupi, Idhaa ya Kiingereza ya BBC ilikuwa ikipiga milio sita kila ilipotimia saa, mitano mifupi na wa sita mrefu. Saa kamili ni pale mlio wa sita unapoanza. Utaratibu wa milio hiyo ulianza Februari 1924, na mlio wa mwisho ukarefushwa mwishoni mwa 1971 ili msikilizaji asipotee katika kuhesabu. Nilivutiwa mno. Habari za vita na uchaguzi zilinipita, nikabaki nasubiri ile milio.

Siku moja niliazima redio ya mzee jirani nikaiweka mezani kando ya yetu, kila moja kwenye masafa yake, kituo kilekile cha London. Milio haikugongana. Redio moja ilitangulia, ya pili ikaifuata kama mwangwi. Ilinichukua miaka kupata maelezo. Wimbi la redio likitoka moja kwa moja Uingereza hufika kwetu kwa sehemu kama mbili za mia za sekunde. Lakini wakati ule BBC ilikuwa na kituo cha kurushia upya matangazo Visiwa vya Shelisheli, kilichofunguliwa mwaka 1988, na sauti iliyopelekwa huko kwa setilaiti ilipanda karibu kilometa 36,000 na kushuka nyingine kiasi hicho. Safari hiyo inakula robo ya sekunde. Kumbe hata saa kamili ya London ilifika Mollo mara mbili, kutegemea njia iliyopita.

Kisha ikaja saa ya padre. Padre mmoja Mjerumani, akijiandaa kurudi kwao, alimwachia Baba saa ya ukutani yenye picha ndogo ya mnara usoni. Ukiitia betri, mishale yake ilizunguka haraka mpaka kumi na mbili ikasimama. Ilikuwa inasikiliza. Padre alitueleza kwamba Mainflingen, karibu na Frankfurt, kuna mtambo uitwao DCF77 unaorusha saa mchana na usiku kwa masafa marefu ya kilohezi 77.5, ukiongozwa na saa za atomu. Ulianza kazi mwaka 1959. Ujerumani nzima saa za aina hiyo hujirekebisha zenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Mawimbi yake hufika kilometa 2,000 hivi. Kutoka kwenye mnara ule mpaka ukutani kwetu ni zaidi ya 6,500. Saa ilisubiri, haikusikia kitu, ikakata tamaa, na Baba akaisogeza mishale kwa mkono. Kuanzia hapo ikawa saa ya kawaida kama nyingine.

Mimi sikukubali iwe ya kawaida. Nilitafuta kujua kama upo mnara wa karibu zaidi. Waingereza wana MSF kwenye kilohezi 60, Wamarekani wana WWVB huko Colorado, Wajapani wana JJY, Wachina wana BPC. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja. Saa iliyotengenezwa kupokea sauti ya mnara ilikuwa imefika mahali ambapo hakuna mnara unaoizungumzisha. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo nililokwenda nalo Mbeya, kwenye chuo cha ufundi, mwanzoni mwa miaka ya 2000: kama mnara haupo, nitengeneze mdogo wa mezani.

Hakuna mwalimu aliyeniagiza kazi hiyo. Niliifanya usiku, kwa pasi ya kulehemu ya kuazima na vipuri vilivyong'olewa kwenye redio mbovu za mafundi wa mjini. Utamu wake ulikuwa kwenye lugha ya mnara. DCF77 haisemi kwa sauti. Kila sekunde nguvu ya wimbi lake hupunguzwa sana kwa kitambo kifupi: ikipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni sifuri; kwa sehemu mbili za kumi, hiyo ni moja. Sekunde ya mwisho ya dakika haipunguzwi kabisa, na pengo hilo ndilo linaloiambia saa kwamba alama ijayo ni mwanzo wa dakika mpya. Kwa sifuri na moja hizo, katika dakika moja tu, saa inaambiwa dakika, saa, tarehe, siku ya juma, mwezi na tarakimu mbili za mwisho za mwaka, pamoja na alama za kuhakiki ili isidanganywe na radi. Tena inaambiwa habari za dakika inayofuata, si ya sasa, ili dakika hiyo itakapoanza iwe imeshajiandaa. Nilipolielewa hilo la kutangulia dakika moja nilifurahi peke yangu chumbani. Mtu fulani alifikiri vizuri sana.

Kazi ngumu ilikuwa kulipata wimbi lenyewe. Ndani ya saa ya padre kuna kristali ndogo inayokubali kilohezi 77.5 na kukataa jirani zake wote. Chipu ya mtambo wangu ilipaswa kuwasha na kuzima waya mara 77,500 kwa sekunde, karibu sana na hapo, huku ikihesabu sekunde na kupunguza nguvu kwa wakati wake. Antena ilikuwa kijiti cheusi cha feraiti kilichotolewa kwenye redio ya zamani, kimezungushiwa waya mwembamba. Nguvu yake haikuvuka meza. Na ili chipu yenyewe ijue saa, nilikuwa nabonyeza kitufe kwa kufuata mapigo ya BPM, kituo cha saa cha China kinachosikika usiku kwenye megahezi 10: tiki, tiki, tiki, kila sekunde, kisha sauti ya mwanamke akisema Kichina kidogo karibu na nusu saa.

Nilikwenda nayo nyumbani likizo ya Juni, kwa basi kupitia Tunduma, barabara ikiwa bado ya vumbi. Usiku niliishusha saa ya padre ukutani, nikaiweka karibu na antena, nikaitoa betri na kuirudisha. Mishale ilikimbia mpaka kumi na mbili ikasimama kama ilivyozoea. Tukasubiri. Dakika chache baadaye ikaanza kuzunguka tena, ikapita tisa, ikapita kumi, ikapunguza mwendo, ikatua.

Baba alilinganisha na redio. Kisha akaniuliza, "Sasa hii nani anaiambia saa?"

"Mimi, Baba."

"Na wewe nani anakuambia?"

Nikamwambia Wachina. Akanyamaza kidogo. "Na hao Wachina hawalijui jua la hapa, mwanangu."

Kesho yake alisimamisha fito iliyonyooka uwanjani, akaikagua kwa uzi wenye jiwe, na tukaanza kuweka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano. Kila mtoto wa shule huambiwa kwamba saa sita kamili mchana jua huwa juu na kivuli huwa kifupi kuliko wakati mwingine. Saa sita ilipita na kivuli bado kikizidi kufupika. Kilifikia ufupi wake wa mwisho saa saba kasoro dakika saba hivi. Tulirudia siku zilizofuata, ikawa vilevile.

Hesabu yake si ngumu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani dakika nne kwa kila nyuzi. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya Greenwich kwa saa tatu, kwa hiyo ni saa za jua la nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haugusi Tanzania hata kidogo. Unapita karibu na Mogadishu. Sumbawanga, mji ulio karibu nasi, iko kwenye nyuzi 31 na nusu na ushei. Tofauti ni nyuzi 13 na kitu, ambazo ni dakika 53 hivi. Zambia, ambayo mpaka wake hauko mbali nasi, hufuata saa za nyuzi 30. Kwa jua, basi, Ufipa inapishana na saa ya Mbala, huko Zambia, kwa dakika sita tu, wakati na saa ya nchi yake inapishana kwa karibu saa nzima. Sisemi tubadilishe, nchi moja inahitaji saa moja. Lakini niliona mtoto wa Mollo ana haki ya kujua kwa nini anaamka gizani.

Baadaye nilijua kwamba njia hiyo ya kulinganisha saa na jua ina historia hapahapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wapimaji wakiongozwa na Martin Hotine walipitisha kwenye upande huu wa Tanganyika vipimo vya ule mstari mrefu wa nyuzi 30 unaoishika Afrika toka kusini mpaka kaskazini. Kwa mpimaji, saa na mahali ni kitu kimoja: ukijua saa ya Greenwich na ukalijua jua au nyota za juu yako, unajua uko wapi duniani. Sisi tulikuwa na fito, uzi, jiwe na mapigo ya sekunde kutoka China, na tulikuwa tumekipata kipimo kilekile kwa ukaribu wa kuridhisha.

Kwa kuwa sasa ishara ilikuwa yangu, niliweza kuiambia saa ile chochote. Nilirudisha hesabu nyuma saa sita, na kwa mara ya kwanza saa ya Kijerumani ikaonyesha moja ilipokuwa saa moja. Mama aliipenda ikae hivyo. Nikairudisha tena dakika 53, ikawa saa ya jua la Mollo. Hiyo Baba hakuitaka ukutani, akasema shule haiwezi kuwa na saa yake peke yake. Ila aliichukua ile karatasi ya alama za vivuli akaenda nayo kwenye kikao cha kamati ya shule, na kwa miaka iliyobaki ya utumishi wake namba ya Juni na Julai ilisogezwa mbele nusu saa. Hilo nalijali kuliko cheti nilichotunukiwa chuoni.

Siku hizi saa hufika Mollo kimya. Simu inaichukua kwenye mnara wa mtandao, na minara hutegemea setilaiti za GPS, ambazo kila moja ina saa za atomu ndani yake. Hakuna anayesubiri ngoma wala milio. Watu huikumbuka njia ya saa pale tu inapopinda: ukiwa Tunduma, simu ikashika mnara wa Nakonde, dakika hiyohiyo unarudishwa nyuma saa nzima, na wapo wanaokosa basi kwa ajili hiyo. Usahihi wa saa za GPS ni mkubwa kupita wa BBC na BPM. Kinachonisikitisha ni kwamba mtoto anayeishika simu hana pa kuisikia saa ikija, kwa hiyo hana pa kuanzia kuuliza.

Ndiyo maana niliujenga upya ule mtambo kwa kipokezi kidogo cha GPS nilichokinunua Kariakoo, nikampa mpwa wangu aliye kidato cha tatu. Sasa sekunde zinatoka angani zenyewe na hakuna kubonyeza kitufe usiku. Saa ya padre bado inafanya kazi. Oktoba iliyopita mpwa wangu na rafiki yake anayesoma Dar es Salaam walisimamisha fito siku moja, wakatumiana ujumbe kila mmoja kivuli chake kilipofikia mwisho wa kufupika. Wa Dar es Salaam alitangulia kwa nusu saa hivi, kama ramani inavyodai. Wa Mollo aliandika saa sita na dakika arobaini, mapema kuliko ile ya Juni, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama. Sasa wanataka kuchora badiliko hilo mwezi kwa mwezi, na wanatafuta mwanafunzi wa Mtwara wa kuungana nao.