Tembe na Jicho la Angani

Ukisafiri kutoka Dodoma kwenda Bahi, hapa na pale bado utaziona tembe za Wagogo: nyumba fupi za miti na udongo, zenye paa bapa la udongo, rangi moja na ardhi. Mwaka 2016 wataalamu wa Ujerumani walitoa ramani ya makazi ya dunia nzima, iliyochorwa kwa rada za setilaiti mbili. Rada huona usiku na kupenya mawingu. Kuta za mjini huirudishia mwangwi mkali. Lakini tembe iliyo peke yake porini yaweza kuiponyoka. Na kaya isiyokuwamo ramanini ni rahisi kusahauliwa kisima kinapopangwa. Basi jicho la angani litusaidie, ila hesabu ikamilishwe kwa miguu, nyumba kwa nyumba.