Oili Isiyodondoka

Oili ya injini hutoroka kwa njia mbili: kudondoka na kuungua. Lori kuukuu la mjomba wangu, lipandalo milima ya Kibakwe kutoka Mpwapwa, lilipungukiwa na oili huku mchanga chini yake ukikaa mkavu. Vijana walitaka injini ishushwe na kufunguliwa yote, yaani ng'ombe wauzwe. Fundi mzee alitaka kwanza kuuona moshi. Nami naona kukihukumu hata chuma pasipo ushahidi ni dhuluma. Moshi wa samawati uonekanao asubuhi tu, injini iwashwapo, hushitaki mipira ya valvu. Ukidumu mlimani, na mvuke ukafoka kwenye mdomo wa kujazia oili, yashukiwe maringi ya pistoni. Wa mjomba ulitoweka upesi, na mlimani haukurudi. Ilibadilishwa mipira peke yake.