Ukuta Usioonekana

Maumivu yakiondoka, binadamu husema amepona. Mwaka 2019 mjomba wangu, mkulima wa Kileo, aliamini hivyo. Alikuwa amelazwa kwa shambulio la moyo, akaruhusiwa, na baada ya wiki kadhaa kifua hakikumuuma tena. Lililobaki ni pumzi: kutoka mlangoni hadi mferejini alipumzika mara mbili. Hata hivyo, jembe alikwishalinoa.

Mkewe nami tulimbembeleza hadi akakubali kwenda KCMC, Moshi. Daktari kijana alimwamkia, akampitishia kifuani kifaa cha mawimbi ya sauti. Elimu hii ilianzia mbali: mwaka 1953 Inge Edler na Hellmuth Hertz, huko Lund, Uswidi, walianza kuuchunguza moyo kwa chombo cha aina iliyotumika viwandani kutafutia nyufa ndani ya chuma.

Kwenye kioo tuliuona moyo ukipiga. Sehemu moja ya ukuta wa chumba cha chini cha kushoto haikufuata nyingine. Zilipobana, yenyewe ilibenuka nje. Daktari alieleza kwamba msuli uliokosa damu hufa, na mahali pake huja kovu jembamba. Katika siku za mwanzo ukuta huo waweza hata kupasuka. Sasa alikuwa akitazama mdomo wa uvimbe. Ukiwa mwembamba, huenda ukuta umekwishapasuka na damu imezuiliwa na utando wa nje tu. Mgonjwa huhitaji upasuaji upesi. Wa mjomba ulikuwa mpana, yaani kovu lililotanuka. Lakini ndani yake palikuwa na bonge la damu, ambalo likichomoka laweza kufika ubongoni.

"Kumbe ni ndiva," mjomba akasema. Sisi Wapare twaijua ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji ya kumwagilia. "Ukuta wake ukibenuka, mwenye akili haongezi maji."

Alipewa dawa za kuzuia damu kuganda na za kuupunguzia moyo mzigo. Jembe akamwachia mwanawe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa nyumba unauona mwenyewe. Wa moyo sharti upimwe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mtu aliyenusurika shambulio la moyo, usimwulize tu kama bado anaumwa. Muulize pia anapumuaje, na kama ukuta wa moyo wake umekwishatazamwa.