Kompyuta Imekufa na Sauti ya Babu Ndani Yake

Leo naomba nisimulie aibu yangu, labda itamsaidia mtu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa opereta wa redio melini. Aprili 2024 nilikwenda Tanga nikakaa naye barazani, nikarekodi mazungumzo yetu kwenye kompyuta yangu ya mtumba. Saa mbili nzima. Alinigongea mezani kwa kidole alama ya kuomba msaada ya Morse: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu. Akanieleza kwamba tarehe 1 Februari 1999 meli ziliacha rasmi kutegemea Morse katika dharura, mitambo ya setilaiti na ya kidijitali ikashika nafasi yake.

Nikamuuliza, "Babu, uliumia?"

"Mke wangu," akasema (ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo), "mashine zao nzuri. Ila ujue jambo moja. Ujumbe hujautuma mpaka mwenzako aseme ameupata."

Nikacheka. Sikuelewa.

Wiki mbili baadaye Babu akafariki. Mjomba wangu anafanya kazi Muscat, hakuwahi maziko. Akaniomba kitu kimoja tu: asikie ile sauti. Jumapili ya tarehe 12 Mei nikakaa kumtumia. Faili likaenda kidogo, likasimama. Kumbe siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi kadhaa jirani. Nikajisemea, si neno, nitatuma mambo yakitengemaa.

Jumanne kompyuta ikaanza kugonga kwa ndani: ka, ka, ka. Kioo cheusi. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaizima, nikaiwasha.

Fundi wa Kariakoo akaniuliza, "Dada, umeiwasha mara ngapi tangu ianze kugonga?"

"Kama mara kumi."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ndani ya diski ya aina ile kuna kisahani kinachozunguka kwa kasi na kichwa kinachosoma juu yake bila kukigusa. Kichwa kikiharibika kinaweza kukwaruza kisahani, na kila unapowasha unazidi kukwaruza. Ukisikia mlio ule, zima, usiiguse tena, mpelekee anayejua. Mimi nilikuwa nimeshaifuta sauti ya Babu kwa mikono yangu mwenyewe. Hakikuokolewa kitu.

Siku zile nikawa nasoma habari za watu ambao Babu alikuwa akiwasifu sana: waredio wa ridhaa. Hawa hufanya bure, kwa mapenzi, kazi inayofanana na ile aliyoajiriwa nayo yeye. Wanapewa leseni na kitambulisho cha hewani. Cha Tanzania huanza na 5H. Tarehe 26 Desemba 2004 mwanamama wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, na wenzake, wakizungumza na waredio wa duniani kote. Tetemeko likapiga, tsunami ikafuata, simu zikafa. Wakaacha burudani, wakaanza kupitisha habari za watu waliotafutwa na jamaa zao: fulani yu hai, fulani hajaonekana.

Waliwezaje? Redio ile haihitaji mnara wa kampuni wala waya wa baharini. Betri ya gari inatosha, na waya uliotandazwa juu. Mawimbi mafupi hupanda mpaka tabaka la juu la angahewa, yakapindwa kurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Lakini hata hayo hayana maana kama upande wa pili hakuna mtu anayesikiliza, akaandika, akakurudishia ulichosema.

Hapo ndipo maneno ya Babu yaliponiingia. Mimi nilikuwa na njia moja tu, na kitu kimoja tu cha kuhifadhia. Sikosi la kulaumu: waya, kompyuta, bahari. Lakini flashi niliyokuwa nayo kwenye mkoba ilikuwa tupu.

Kilichobaki ni daftari. Siku ile barazani nilikuwa naandika pia, kwa mazoea ya kazi, kurasa sita za mwandiko wa haraka. Nikampigia Mjomba simu ya kawaida, nikamsomea zote. Nilipofika ile alama ya Morse nikaigonga mezani, simu ikiwa karibu. Kila nilipomaliza ukurasa alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Nimeupata."

Mara sita.

Haya, niishie hapa. Kama una sauti ya mzee wako mahali pamoja tu, inuka sasa hivi ukanakili. Nakala moja mpe mtu anayeishi mbali na wewe, na usilale mpaka akuambie ameipata.