Pua Iliyovunjika Haingoji

Katika mtaa wa Yoba, mjini Gitega, pua iliyopigwa hupata waganga wengi kabla ya kupata maji ya kuoshea damu. Mmoja huamuru kichwa kiinuliwe juu. Wa pili hutaka pamba. Wa tatu hujitolea kuinyosha papo hapo kwa mkono wake. Niliyashuhudia hayo siku mpwa wangu, mtoto wa miaka 13, alipogongana na mwenzake mpirani.

Walimtakia heri, lakini yote matatu hayafai. Kichwa kikiinuliwa, damu huteremka kooni, na mtu huweza kutapika au kupaliwa. Majeruhi na aketi wima, ainame mbele kidogo, apumue kwa mdomo. Sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, ibanwe kwa vidole viwili kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Kisha kiwekwe kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa kitambaani. Mfupa usiguswe. Kwa maumivu yafaa parasetamoli. Aspirini huweza kuzidisha damu.

Jioni damu ilikuwa imekatika, na nyumbani likasemwa lile neno ambalo ndugu zetu askari hulipenda: "Ni pua tu, itapona." Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Muyinga, hakuridhika. Alisema mjukuu wake anapumua kama mtu aliyezibwa. Tulimpeleka kwa daktari, naye akamulika ndani ya pua akaona damu imejikusanya ukutani, kati ya mianzi miwili.

Daktari alitueleza kwamba gegedu la ukuta huo hulishwa na utando unaolifunika. Damu ikiingia baina yao, gegedu hukosa chakula, na katika siku chache huweza kufa, hata mgongo wa pua ukabonyea kama tandiko. Damu hiyo yapasa kutolewa bila kuchelewa, na mtoto wetu alitolewa usiku uleule.

Tuliagizwa kurudi uvimbe ukipungua, siku ya tatu hadi ya tano, kwa maana chini ya uvimbe kupinda hakuonekani vema. Mfupa uliopinda hurudishwa kabla haujashika: kwa mtoto yapata wiki moja, kwa mtu mzima wiki mbili. Ukishashika, huenda ukahitaji upasuaji mkubwa zaidi.

Zipo dalili zisizongoja hata saa: damu isiyokatika, maji maangavu yanayotiririka puani, kutapika, kupotewa na fahamu, au kuona kitu kimoja kuwa viwili.

Ama kinga, haihitaji fedha nyingi. Abiria afunge mkanda. Mwenye pikipiki avae kofia ngumu inayofunika na uso. Mwenye baiskeli asishike lori barabarani. Na pua iliyovunjwa kwa ngumi isisingiziwe mlango. Daktari aambiwe kweli, ili aweze kutibu na kusaidia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwenzio akirudi kutoka zamu au mazoezini na pua iliyovimba, chukua tochi umtazame ndani ya mianzi yote miwili. Ukiona uvimbe mwekundu au wa zambarau ukutani, au akishindwa kupumua kwa pua, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata akikuambia kuwa haumwi.